Moshi Ulionuka Kitunguu Saumu

Ndugu zangu mnaopika na mnaouza vyakula, hasa ninyi mnaokausha samaki na kuchoma nyama, nisikilizeni. Yaliyoipata nyumba ya Wenceslaus wa Usinge yalitokea zamani za Mwingereza, miaka michache baada ya vita vya pili, lakini moto ni ule ule na tumbo ni lile lile.

Nyumba ile ilikuwa tulivu. Wenceslaus alivua kambale katika ziwa Sagara, mkewe Veneranda akawakausha kwa moshi. Mama yake Wenceslaus, bibi mmoja aliyeitwa Bernadeta, alishinda jikoni pamoja na mjukuu wake Josepha, mtoto mdogo mwenye maneno mengi. Samaki wa Veneranda walisafiri kwa treni hadi Tabora, kwa Yahaya, mchuuzi wa mtaa wa Isevya, na huko walikuwa na sifa. Watu walisema hawana masizi wala hawaachi uchungu kooni.

Sifa hiyo ilitoka kwenye kuni. Bibi Bernadeta ndiye aliyemfundisha mkaza mwanawe. Mti wao ulikuwa ule wa porini uitwao mtundu. Ulikatwa wakati wa kiangazi, ukabanduliwa magome yote, maana gome ndilo linaloleta masizi machungu. Kisha ulipasuliwa vipande vya unene wa mkono na kupangwa kibandani juu ya magogo, usiguse ardhi, hadi ncha zake zipasuke nyufa. Vipande viwili vikigonganishwa vilipaswa kulia kwa sauti kali na kavu. Mti wenye utomvu mweupe haukuruhusiwa hata kuingia uani.

"Samaki anashinda siku nzima ndani ya moshi," bibi alikuwa akimwambia Veneranda. "Na mtu atamla na moshi wake wote. Usisahau hilo, mwanangu."

Kukata kuni ilikuwa kazi ya Wenceslaus. Kiangazi cha mwaka ule hakukata. Alikuwa amezoea kushinda stesheni akicheza bao na kunywa wanzuki, ile pombe ya asali, na kila mkewe alipomkumbusha alijibu, "Msitu hauhami, Mama Josepha. Nitakwenda kesho." Mvua zikaanza bado anasema kesho. Kibandani likabaki rundo dogo ambalo mtu mmoja angelibeba kichwani.

Ndipo Kwaresima ikaingia. Wakatoliki wa mjini waliacha nyama wakataka samaki, na Yahaya akatuma salamu kwa watu wa treni kwamba anahitaji matenga mengi kuliko kawaida. Wenceslaus alikubali pale pale stesheni, bila kuuliza nyumbani.

"Umeahidi kwa kuni zipi?" Veneranda akamuuliza.

"Kuni ni kuni."

"Mbichi zitawatia samaki masizi, Baba Josepha. Mtumie salamu Yahaya kwamba safari hii tutapeleka kidogo."

"Nimekwisha kutoa neno langu. Wewe pasua samaki, mimi nitaleta kuni kavu."

Akaleta kweli. Alikuja na mkokoteni wa kuazima, umejaa nguzo zilizokatwa vipande. Veneranda aligonganisha viwili, vikalia sawasawa. Lakini alipoviinua akaona mambo asiyoyaelewa. Mti ulikuwa na rangi ya kijivu inayoelekea ukijani, una matundu ya misumari, na ncha zilizokuwa zimesimikwa ardhini hazikuwa na alama hata moja ya mchwa. Usinge ni mahali ambapo mchwa hula hata mkeka ukiuacha sakafuni.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Boma la mtu aliyehama, huko njia ya Uyowa. Ni mkola huo. Mchwa hawauwezi."

"Haufanani na mkola."

"Umekuwa bwana misitu siku hizi?" Wenceslaus alicheka, akaenda zake kuosha miguu.

Veneranda akauwasha moto. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya paa la kibanda, na moshi ulipoanza kupanda kwenye kichanja chenye samaki, alisikia harufu ngeni. Macho yalimwasha, koo likamkauka.

"Mayu," alimwita mama mkwe wake, "hebu njoo unuse."

Bibi Bernadeta akaja, akanusa. "Kama kitunguu saumu," alisema. "Wazee wa Uyowa walikuwa wakikipanda mabomani. Labda ni udongo wake tu."

Veneranda alimwondoa kambale mmoja kichanjani akamgeuza geuza. Rangi yake ilikuwa nzuri, ya dhahabu, hana masizi. Moyo ulimwambia awatoe wote na azime moto. Halafu akafikiria ugomvi na mumewe, akamfikiria Yahaya anayesubiri, akamrudisha samaki mahali pake. Hapo, msomaji wangu, ndipo palipokuwa na nafasi ya kuepuka yote yaliyofuata. Ilipita kimya kimya, mtu akigeuza samaki.

Ijumaa asubuhi mume na mke walipeleka matenga stesheni, wakasaidiana kuyapakia, treni ikaondoka kuelekea Tabora. Walirudi nyumbani mchana, Wenceslaus akipiga mluzi. Walipofika uani aliacha.

Josepha alikuwa ameegemea mlango anatapika, na matapishi yalikuwa maji matupu. Ndani, Bibi Bernadeta alikuwa amelala sakafuni amejikunja, midomo imemkauka, miguu inamkakamaa.

"Mayu, mmekula nini?" Veneranda alipiga magoti kando yake.

"Ugali na mlenda. Mtoto amekula tonge moja tu, akasema hautaki. Tumbo linanikata, mwanangu. Nipe maji."

Wenceslaus alikuwa amesimama mlangoni. "Mlenda mmeutoa wapi?"

"Nimeuchuma mwenyewe hapo nyuma."

"Umetia nini?"

"Chumvi na magadi. Nitie nini kingine?"

"Magadi ya dukani?"

"Tangu lini tukanunua magadi?" alisema yule bibi kwa taabu. "Majivu yamejaa shimoni kwa mkeo."

Ndiyo desturi ya wazee wengi wa Unyamwezi. Majivu safi ya kuni huchujwa kwa maji, na maji yale hulainisha mlenda na maharage. Bibi Bernadeta alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, na kwa kuni alizozizoea hakuna aliyepata kuumwa.

Wenceslaus alirudi nyuma hatua kadhaa, akaketi kwenye matope, mvua inamnyeshea. Veneranda alimfuata.

"Sema," alimwambia.

"Zile nguzo ni za ghala la kambi ya zamani. Wale Wazungu waliokuwa wakipima ardhi." Alikuwa akitazama mikono yake. "Ngollo, aliyekuwa mlinzi wao, aliniambia zilichovywa katika pipa la dawa ya kuua mchwa. Mbuzi wake walilamba lile pipa wakafa. Alinionya nisizichome hata kwa kuota moto."

"Ukaniletea nikaushie chakula."

"Samaki walikuwa wa kwenda Tabora, Mama Josepha. Nilijua sisi hatutawala."

Veneranda alibaki anamtazama. Alikuwa ameishi na mtu huyu, amemzalia, amelala naye kitanda kimoja, na sasa alikuwa akimwangalia kama msafiri aliyeshuka kwenye treni asubuhi ile. Maneno "sisi hatutawala" yalikuwa yakijirudia masikioni mwake, na polepole, nyuma ya maneno hayo, akawaona watu wengine wa mji mzima wakiketi kula.

"Treni," alisema.

Wenceslaus alimshika mkono. "Ukisema nitafungwa. Ngoja kwanza tuwatibu hawa. Huenda samaki hawana neno."

"Mama yako yuko sakafuni kwa majivu yake, na samaki wameunywa moshi siku nzima. Mbebe mama yako umpeleke kwa dresa. Mimi naenda."

Akamfunga Josepha mgongoni akakimbia. Zahanati ilikuwa karibu na stesheni. Alimkabidhi mtoto kwa dresa, mtoa dawa wa pale, akamweleza kwa ufupi, kisha akaingia kwa karani wa stesheni. Watu walikuwa wengi wakijikinga mvua, na wote walimfahamu.

"Bwana karani, piga simu Tabora. Samaki niliowapakia leo wana sumu."

Karani aliweka kalamu chini. "Mama, unafahamu unachosema? Wataniuliza nani kawatia sumu."

"Waambie nimewakausha mimi, Veneranda mke wa Wenceslaus, kwa kuni zenye dawa ya mchwa. Waambie wasiliwe. Tafadhali, baba, piga."

Karani akavuta chombo cha simu, kikaanza kugonga.

Alipotoka alimwona mumewe akija kwenye matope, amembeba mama yake mgongoni. Alikuwa akimsemesha njia nzima. Dresa alimshusha yule bibi, akamshika shingoni, akamfunika uso kwa kitenge chake mwenyewe. Wenceslaus alimwomba amtazame tena. Dresa akamtazama tena. Wenceslaus akamwomba mara nyingine, mpaka watu wakamwondoa.

Josepha alinyweshwa maziwa, na jioni treni ya mizigo ikampeleka yeye na mama yake hospitali ya Tabora. Kule simu ilikuwa imefika, lakini Yahaya alikuwa ameshauza tenga moja. Mzee yule, mwenye miguu mibovu, alizunguka Isevya nyumba kwa nyumba, anabisha hodi na kusema, "Nisameheni, nirudishieni samaki wangu." Aliwatoa kwenye vyungu na kwenye sahani. Wengine walimtukana, wengine walikuwa wameshaanza kuumwa. Hakufa mtu Tabora. Samaki wote walizikwa kwenye shimo refu nje ya mji.

Wenceslaus alihukumiwa kifungo. Veneranda aliulizwa maswali mengi akaachiliwa, lakini hakukausha samaki tena. Hakuna aliyemkataza, ila kila moshi ulipompata usoni alikimbilia nje.

Siku Wenceslaus aliporudi kutoka gerezani alimkuta Josepha amekua kidogo, anatembea kwa fimbo. Mtoto alimwamkia, "Shikamoo, baba," akaja jikoni alipoketi baba ili amkaribie. Alipita ukingoni mwa mafiga na kukanyaga kaa la moto. Hakushtuka. Alisimama juu yake akiendelea kuzungumza habari za kuku wake, mpaka baba yake aliposikia harufu ya ngozi inayoungua akamnyakua.

Josepha alishangaa kumwona baba yake akipiga yowe.

"Haiumi, baba," alimwambia ili kumtuliza. "Tangu siku ile miguu yangu haisikii kitu."

FUNZO LA HADITHI HII

Wenzangu, chakula huanzia kwenye kuni. Mti wa kukaushia samaki au kuchomea nyama uwe mti unaoufahamu, uliokatwa na kukauka kwa wakati wake. Mbao za majengo, nguzo, masanduku, kitu chochote kilichopakwa rangi au kutiwa dawa, visiingie motoni penye chakula, na majivu yake yasiguse chungu. Ukisikia harufu usiyoijua, azima ujasiri uuzime ule moto, hata kama mwenye nyumba atakasirika. Veneranda alinusa, akaogopa ugomvi, na gharama yake aliijua maisha yake yote.

Na ninyi wanaume mnaoahirisha kazi za kiangazi kwa sababu ya bao na pombe, fahamuni kwamba ghala lile la Wazungu lisingemvutia Wenceslaus kama kibanda chake kingekuwa na kuni.

Lakini uzembe ulikuwa mwanzo tu. Dhambi iliyoiangusha nyumba ile ni kuamini kwamba kuna watu wa mbali wanaoweza kulishwa tusichokula sisi. Wenceslaus aliwapelekea watu wa Tabora sumu asiyotaka iguse mdomo wake, na wa kwanza kuila akawa mama aliyemzaa. Kabla hujauza chochote, mtengee sahani moja mama yako. Mkono wako ukisita, basi hicho si cha kuuza.