Sahihi ya Shangazi

Kila alasiri Sindano alitoka shuleni moja kwa moja hadi kibandani kwa baba yake, fundi viatu. Alimshikia uzi na kuvipanga viatu vilivyokwisha kushonwa. Jina hilo alipewa na baba: mwembamba, lakini akikuchoma utaruka.

Siku hiyo alichelewa. Alikuwa amemsindikiza kliniki shangazi yake, mjamzito wa miezi saba.

"Baba, ile fomu bado ipo!" alisema kabla hata ya shikamoo. "Mjamzito akizidiwa, hapelekwi hospitali kubwa mpaka mume atie sahihi."

Nyundo ilisimama hewani. Miaka miwili nyuma, fomu hiyohiyo ilimngoja fundi saa nne nzima, naye yuko mbali akitafuta ngozi. Alipofika, mkewe alikuwa ameshakata roho.

"Na mume wa shangazi yako yuko safarini na lori lake," fundi alinong'ona. Kisha akafoka, "Wakubwa wale masikio ni pambo tu! Nilikwenda ofisini mara tatu. Mara tatu, njoo kesho."

"Ulikwenda peke yako, baba. Mwalimu anasema wakazi mia wakitia sahihi, baraza la madiwani lazima lijadili."

"Mia? Mimi kuandika jina langu tu ni kama kupanda ukuta."

"Basi anza kupanda."

Fundi akacheka, jambo lililokuwa adimu. Akaikamata kalamu kama msumari, akaandika jina chini ya barua ya Sindano, jasho likimtoka.

Tangu hapo hakuna aliyechukua kiatu chake bila kusomewa na Sindano barua hiyo ya kutaka mstari wa mume ufutwe kwenye fomu.

"Mke wangu ajitilie sahihi mwenyewe?" kinyozi jirani alikejeli. "Kesho si ataniuza!"

"Nani atakununua wewe?" fundi alimjibu. "Hebu niambie, siku uliyozaliwa, uchungu aliuona nani? Baba yako?"

Kinyozi alikuna kichwa. Akaomba kalamu.

Wiki tatu baadaye, Sindano alisimama barazani na sahihi mia moja na saba. Diwani mmoja alimkatiza: "Mtoto, huo ni utaratibu wa siku nyingi."

Sindano akamtazama usoni. "Hata kaburi la mama yangu ni la siku nyingi, mheshimiwa."

Kura zikapigwa, na mstari wa mume ukafutwa: mgonjwa angetia sahihi mwenyewe.

Uchungu ulipomjia shangazi, mumewe alikuwa tena safarini. Akazidiwa. Muuguzi alimpa fomu, naye akaandika jina lake, herufi zimepinda kama misumari mibovu. Gari la wagonjwa liliondoka papo hapo. Kufikia jioni, yeye na binti yake mchanga walikuwa salama.

Fundi alimpakata mpwa wake.

"Kalamu ya kufuta mstari ule walikuwa nayo miaka yote," alisema. "Nami miaka miwili nilikaa nikiwalaani, laana isifute hata herufi moja. Mwanangu, mkubwa asiposikia, usinune. Tafuta wenzako, mrudi wengi."

Akapangusa macho kwa kiganja cheusi kwa rangi ya viatu.

"Haya, kesho uwahi kibandani. Kinyozi anadai kiatu chake."