Picha za Japani Ziliendelea Kuja

Wanangu, mjukuu wangu alinikimbia.

Ni Ghislaine, niliyemlea mwenyewe. Alikuwa kwenye ngazi za umeme, kituo cha treni cha Skärholmen hapa Stockholm, amevaa koti jeusi, amebeba katoni ya soda.

Nikamwita. Akageuka, akaniona... akajitupa ndani ya treni. Milango ikafungwa.

Sasa nisikilizeni. Ghislaine alitakiwa kuwa Japani. Alikwenda kutembea na mama yake, binti yangu Concessa. Na asubuhi ileile simu ya Concessa iliniletea picha: lango jekundu limesimama ndani ya maji. Chini imeandikwa, "Mama, mimi na Ghislaine tuko hapa. Pazuri sana."

Nikakaa kwenye benchi.

Concessa alizoea kunitumia sauti, maana anajua kusoma kwangu ni kwa kudonoa.

"Mama, hapa tambi za supu wanazivuta kwa kelele. Wewe ungetuchapa wote."

"Mama, kulungu wa huku wanainama kama wakwe waliokuja kuposa, halafu wanakupora biskuti."

"Mama, nimekununulia ndala. Muuzaji kazifunga karatasi kama anafunika kichanga."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Kisha sauti zikakoma. Zikawa picha na maandishi tu. Nikajisemea, amechoka na matembezi.

Pale kwenye benchi nikampigia mwanangu Onesphore.

"Nimemwona Ghislaine."

"Umefananisha, Mama. Makoti meusi yamejaa Stockholm nzima."

"Mjukuu wangu nimfananishe?"

Nikasikia funguo zikilia upande wake.

"Kaa hapohapo, Mama. Nakuja kukuchukua."

Sauti ilikuwa laini mno. Onesphore hana tabia ya kunibembeleza. Nikajua wamenidanganya, hawakwenda Japani wala nini. Njia nzima nikapanga maneno ya kuwapa.

Tulipofika Vårby gård, mlango wangu ulikuwa wazi. Kochi limesukumwa ukutani. Kina mama wa kanisani wamekaa chini, kwenye magodoro.

Nikasimama mlangoni, koti bado mwilini.

Kwetu Burundi mzazi haambiwi msiba kwa simu. Watu hukusanyika kwanza. Desturi hiyo niliwafundisha mimi.

Ghislaine alikuwa katikati yao, ameshika simu ya mama yake.

"Förlåt, Mormor," akaniomba msamaha kwa Kiswidi. Mormor, yaani bibi mzaa mama, ndivyo anavyoniita tangu mdogo. "Moyo wa mama ulisimama, hotelini. Mwili bado uko huko. Mjomba alisema usijue mpaka watu wafike. Picha alizipiga mama mwenyewe... mimi niliandika tu."

Na mimi nilikuwa namjibu, wanangu. Vaa soksi, Concessa. Kula vizuri, mwanangu.

Ficheni kifo mpaka watu wafike, sikatai. Ila msimfanye marehemu aendelee kuongea na mama yake.

Ndala alizoniletea Ghislaine ziko mezani, ndani ya karatasi yake. Imekunjwa vizuri mno... sioni pa kuanzia kuifungua.