Mbeba Machela wa Senema

Yudith alikuwa akipanga mapeasi yake sokoni Lushoto machela ilipopita kasi na kumwaga kapu lote. Mbele aliishika kijana mrefu mwenye koti jeupe lililombana makwapa. Nyuma aliishika mwenzake, Timotheo. Aliyelala katikati alikuwa anacheka.

"Mgonjwa gani huyu?" Yudith akauliza.

"Si mgonjwa, dada. Tunapigwa senema," kijana alisema, akiinama kuokota mapeasi. "Wazungu wanataka kichekesho. Mimi Kornelio. Siku nyingine nabeba wagonjwa wa kweli, wa zahanati."

"Na hao nao unawamwaga?"

"Bado. Ila sijawahi kukutana na wewe njiani."

Maneno ya kijinga, lakini yalimwingia. Kabla mahindi hayajakomaa, Kornelio alikuwa akimsindikiza kila siku ya soko mpaka kwenye kona ya kanisa, wala hakuna aliyeuliza kulikoni.

Kisha gari la senema likaja, shuka jeupe likatundikwa uwanjani. Kornelio wa kwenye shuka aliona sindano ya daktari akazimia. Mgonjwa mwenyewe akashuka, akamlaza kwenye machela, akamburuta hospitali. Watu walilia kwa kicheko. Yudith alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Kesho yake Kornelio alimngoja njiani, shati limepigwa pasi, uso mzito.

"Yudith, nataka kumtuma mjomba kwa baba yako. Unaniruhusu?"

Yudith alimpenda, alimpenda sana. Lakini alipomtazama aliyaona macho yaleyale yaliyogeuka mbele ya sindano. Aliuma pindo la khanga kujizuia, lakini wapi. Kicheko kikamtoka, na alipokimaliza, njia ilikuwa tupu.

Zahanatini nako mambo yaliharibika. Mgonjwa wa ngiri alimwona Kornelio akiingia na machela, akacheka mpaka mshono ukafumuka. Mganga akamwambia Kornelio apumzike kwanza, na hakusema mpaka lini.

Timotheo ndiye aliyeleta habari shambani.

"Anaondoka leo na gari la senema. Anasema bora achekwe kwa mshahara kuliko kuchekwa bure."

Yudith alimtazama mama yake. Mama aliendelea kupalilia maharage.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, mwanangu," alisema. "Lakini miguu unayo."

Yudith alitupa jembe akateremka mbio, tope mpaka magotini. Gari lilikuwa linanguruma. Kornelio alikaa nyuma, sanduku mapajani.

"Nimeleta jibu," Yudith alisema, akihema.

"Sema basi."

Alifungua kinywa, na kicheko kikaja tena, safari hii pamoja na machozi.

"Unaona?" Kornelio alisema kwa uchungu.

"Subiri. Kornelio, kwetu hatucheki. Baba akiingia ndani, hata vijiko vinanyamaza. Tangu nizaliwe sijacheka kama ninavyocheka kwako. Sikudharau. Ninakupenda, ndiyo maana nacheka. Sasa unataka kunirudisha kwenye kimya kile?"

Kornelio aligeuza sanduku mapajani, akaligeuza tena.

"Utanicheka mpaka lini?"

"Mpaka tuzeeke. Mjomba aje Jumapili, watu wakitoka kanisani. Nami nitajitahidi nisimtazame usoni, maana mmefanana."

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Wewe, unakwenda au huendi?"

Kornelio alishusha sanduku, kisha akashuka mwenyewe.

"Siendi, bwana. Mwenye kunicheka nimempata hapahapa."