Mkuki Ndani ya Mzigo wa Majani

— Mzigo wako wa majani umepungua tena.

Eliufoo alisema hivyo bila hata salamu, amesimama katikati ya njia nyembamba inayopandisha Kirua Vunjo. Aikande, mchumba wake, akasimama na mzigo kichwani, shingo imenyooka.

— Umeanza lini kuhesabu majani ya ng'ombe wa mama yangu, Mwalimu?

— Tangu ulipoanza kurudi jua likizama. Wenzako mnaoshuka nao tambarare, wao saa kumi wamesharudi. Wewe unabaki na nani?

— Nabaki na majani.

— Aikande.

— Nipishe, shingo inauma.

Akampisha. Mzigo ulipompita aliuona vizuri: mwembamba, mrefu kupita kiasi, umefungwa kwa kamba za migomba mahali patatu. Mtu mwenye utulivu angejiuliza kwa nini majani ya ng'ombe yafungwe hivyo. Eliufoo alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini wivu ulishamnyang'anya akili akabaki na hesabu peke yake.

Mwaka huo wa 1974 hapakuwa na mtu Kirua asiyemjua Aikande. Alikuwa bingwa wa mkoa wa kurusha mkuki miaka mitatu mfululizo. Alipovishwa pete mwezi wa pili, Eliufoo alimwambia kistaarabu, mbele ya wazazi wa pande zote, kwamba mke wa mwalimu hazunguki nchi nzima na kaptula. Aikande aliinamisha kichwa. Hakusema ndiyo, ila kila mtu sebuleni alisikia ndiyo.

Kisha kulikuwa na Melkior. Huyo alikuwa afisa michezo, kijana wa mjini Moshi, aliyekuja na pikipiki kumfundisha Aikande kila Jumamosi. Alipohamishiwa Dar es Salaam, Eliufoo alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Shukrani hiyo ilidumu mpaka barua ilipokuja.

Barua za kijiji kizima zilipitia sanduku la posta la shule, na aliyezigawa ni Eliufoo. Bahasha ile ilikuwa na mwandiko wa kiume, muhuri wa Dar es Salaam, na nyuma yake jina: Melkior. Hakuifungua. Kusoma barua ya mtu ni wizi, alijiambia. Akaificha ndani ya daftari la mahudhurio, kana kwamba kuificha si wizi.

Jioni ile ya majani haba, dada yake Salvina alimkuta jikoni akikoroga chai isiyo na sukari.

— Kaka, mimi sisemi kitu.

— Basi usiseme.

— Nasema tu kwamba kule tambarare, karibu na ule mti mkubwa wa mgunga, kuna masale yamepandwa kwa mstari.

Kijiko kikasimama. Uchaggani, isale si mmea wa pambo. Ukiona masale yamepangwa mstari, huo ni mpaka wa mtu. Aliyeyapanda amesema hapa ni pangu.

— Kayapanda nani?

— Nimemwona Aikande akichomeka moja kwa mikono yake mwenyewe. Sasa mwanamke ambaye hajaolewa, kiwanja kapimiwa na nani?

— Umesema husemi kitu.

— Lisemwalo lipo, kaka. Kama halipo, laja.

Usiku huo Eliufoo hakulala. Kesho yake, Alhamisi, aliwapa watoto zoezi la kugawanya, akatia barua mfukoni, akateremka.

Masale aliyakuta. Yalikuwa kama ishirini, yamenyooka kuelekea mgunga, mengine yameshachipua majani. Kwa hiyo jambo hili lilikuwa la miezi.  Aikande akatokea upande wa pili, panga mkononi, mzigo kichwani.

— Amekupimia eka ngapi?

— Nani?

— Usinifanye mtoto. Huu ni mpaka wa kiwanja. Melkior atakujengea lini?

Aikande akautua mzigo. Akafungua kamba zote tatu. Katikati ya majani akatoa mkuki wa mashindano, umepakwa mafuta, unang'aa.

— Sogea huko.

Akarudi nyuma hatua nyingi, akakimbia, akaurusha. Mkuki ukaenda, ukaenda, ukachoma ardhi ubavuni mwa isale la mwisho.

— Kila isale ni mahali mkuki wangu ulipofika, alisema akihema. Hilo la kwanza ni la mwezi wa tatu. Vijiti vikavu vililiwa na mchwa, ndiyo nikatumia masale. Sikujua yangeota.

— Ulikubali kuacha.

— Nilinyamaza. Hukuniuliza kama nimekubali. Miezi yote hii hukuniuliza kitu, ulinichunguza tu. Ungeuliza ningekwambia.

Eliufoo alitaka kuamini, na karibu aamini. Lakini kidole kiligusa bahasha mfukoni, na wivu ukamshika tena kola.

— Na hii je? Hii nayo ni mchwa?

Aliitoa kama mtu anayetupa turufu. Aikande aliipokea, akaigeuza, akaona muhuri. Uso ukambadilika. Akaichana, akaisoma kwa sauti:

"Aikande, umeitwa timu ya taifa. Ufike kambini Dar es Salaam kabla ya saa sita mchana, Ijumaa tarehe 13 Septemba. Asiyefika, nafasi yake anapewa wa akiba. Nimekupigania sana, usiniangushe. Mke wangu anakusalimu. Melkior."

Ng'ombe walisikika wakilia mbali kule Himo.

— Leo tarehe ngapi, Mwalimu?

— Kumi na mbili.

— Umekaa nayo siku ngapi?

— Kumi na moja. Lakini sikuisoma, Aikande. Haki ya Mungu sikuisoma.

— Afadhali ungeisoma.

— Nilidhani...

— Mkuki kwa nguruwe, Eliufoo. Barua yako ya chuo ingelala siku kumi na moja ndani ya daftari la mtu, leo ungekuwa mwalimu?

Hakungoja jibu. Aliung'oa mkuki akapandisha mlima mbio, majani akayaacha palepale. Basi la Dar es Salaam lilikuwa likiondoka Moshi jioni ile.

Eliufoo alibaki na mzigo. Akakata majani mengine mpaka yakatosha ng'ombe wawili, akafunga, akajitwisha kichwani. Mwanamume, tena mwalimu, tena na suruali iliyopigwa pasi. Wanawake njiani walimpisha wakiziba midomo kwa khanga. Hakujali. Alipofika kwenye uzio wa kwao Aikande alivunja isale moja, maana Uchaggani ndilo linaloombewa msamaha.

Aikande alikuwa mlangoni na begi lake.

— Shikamoo, mama, Eliufoo alimwamkia mama mtu, majani bado kichwani.

— Marahaba. Tua kwanza, mwanangu, utavunjika.

Akatua, akapiga magoti, akanyoosha isale kwa mikono miwili.

— Aikande, nimekukosea. Nilikushuku, nikakuibia.

Mama alimtazama bintiye. Isale halikataliwi, hata wenye kisasi cha damu hulipokea. Aikande akalipokea. Kisha akavua pete, akamfumbatisha Eliufoo kiganjani, na isale akamrudishia juu yake.

— Isale nimelipokea. Lakini hakuna mila inayosema nijibu leo. Kalipande kule chini, hatua tatu mbele ya isale langu la mwisho. Siku mkuki wangu ukilipita, nitakujibu.

— Nikusindikize mpaka Moshi?

— Hapana.

Majuto ni mjukuu, na huyu alikaa na Eliufoo miezi mitatu. Hakupata barua hata moja. Siku moja ya Oktoba, redio ya mwalimu mkuu ilitangaza bingwa mpya wa taifa wa kurusha mkuki kwa wanawake, na jina lilikuwa la Aikande. Salvina alishangilia kuliko wote, kana kwamba si yeye aliyeleta umbea wa masale.

Aikande alirudi Desemba. Hakupita kwa mtu. Alimkuta Eliufoo kwenye mgunga, ndoo ya maji mkononi. Isale lake lilikuwa limeota majani manne.

— Umelipanda wapi?

— Uliposema.

— Tuone.

Aikande alisimama kwenye isale lake la mwisho, akaanza kutembea, jicho moja kwa Eliufoo. Sasa zamu ya kushuku ilikuwa yake.

— Moja. Mbili. Tatu.

Akasimama. Isale lilikuwa bado mbele. Akaongeza hatua.

— Nne. Nilisema tatu.

— Nilijua utahesabu, alisema Eliufoo. Sikutaka uwe na shaka kwamba nimekupunguzia hata unyayo mmoja.

Aikande aliangalia pembeni kidogo. Kisha akarudi nyuma, akakimbia, akarusha. Mkuki ulipita juu ya isale bila kuligusa, ukasimama mbele yake, ukitikisika.

— Sasa niulize, alisema.

— Nikuulize nini?

— Chochote. Una madeni ya maswali.

Eliufoo alifikiri yote aliyoyameza tangu mwezi wa pili. Mengine aliyaonea aibu. Likabaki moja tu.

— Kesho utarusha tena?

— Nitarusha. Na mwakani, na mwaka utakaofuata.

— Basi kesho majani nitakata mimi.

 Aikande alinyoosha mkono wa kushoto, vidole vimeachana, akangoja Eliufoo atoe pete mfukoni.