Ile Nyeupe ama Ile Nyekundu

Mlango wa nyuma ulifunguliwa ghafla, jua la Ruiru likamwagika ndani ya gari. Ndila, aliyekuwa amepiga magoti juu ya kiti akivuta kitambaa kikaze kwenye kona, akajikuta ana kwa ana na mwanaume wa shati la samawati lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo.

"Ngai! Pole. Sikujua hii gari iko na mtu."

"Iko na mtu mpaka nimalize kuivalisha," Ndila alijibu, pini mbili zikiwa zimebanwa midomoni. "Kama ulitaka kuiona uchi, ungekuja jana."

Mwanaume akacheka mpaka akashika mlango.

Ilikuwa Jumamosi na yadi ilijaa watu kama soko. Madalali walivutana na wateja, vijana walifuta vumbi kwenye boneti kwa matambara mabichi, na redio tatu zilipiga nyimbo tatu. Ndila alikuwa ametoka Kamenu, kule Thika, alikokodi kichumba cha kushonea vitambaa vya viti vya magari. Selpha, mwenye yadi, alimwita kila alipotaka gari ipendeze kabla ya kuuzwa. Siku hiyo alivaa gauni la manjano, aproni ya jinzi juu yake, na nywele alikuwa amezifunga kwa kipande cha kitambaa kilichobaki kazini.

Mwanaume aliitwa Gachau. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa kwenye kiwanda Thika, na kulala alilala Ruiru. Kichwani alikuwa na magari mawili: hii nyekundu ya dizeli, na nyeupe ya haibridi, ya petroli na betri, iliyoegeshwa kando yake. Zote ndogo, zote za kuinuka kidogo, bei karibu sawa.

"Kununua si shida," alisema. "Shida ni kukaa nayo. Wewe ungechukua gani?"

"Mimi sina hata baiskeli. Niambie kwanza utakuwa ukienda nayo wapi."

"Nikikuambia utanipea namba yako?"

"Namba ni ya wateja."

"Basi nishonee."

"Nikushonee nini, na gari bado hujanunua?"

Namba alipewa.

Kuanzia hapo simu ya Ndila ililia kila jioni akifagia vipande vya nyuzi. Gachau hakuwa mtu wa maua. Mapenzi yake aliyaeleza kwa njia aliyoijua.

"Babe, nimeongea na mekanika. Ile nyeupe inakunywa mafuta kidogo tu, kama kandege. Lakini betri yake ikikufa, unalia."

"Na nyekundu?"

"Nyekundu haina makuu kwa mafuta, inapanda milima bila kuhema. Lakini inataka oili yake spesheli, inataka filta, na ukiitembeza safari fupi-fupi za mjini inaziba mabomba. Hiyo gari inataka safari ndefu."

"Kama mimi."

"Wewe unataka safari ya wapi, kairitu, msichana wangu?"

Ndila akacheka, akaendelea kufagia. Alijua kungoja. Alikuwa akimwona Gachau akifika yadi kila Jumamosi kuangalia magari yaleyale, akipiga teke matairi yaleyale, huku macho yakimtafuta yeye. Selpha alisema hajawahi kuona mteja wa kuchumbia gari mbili na fundi mmoja. Baadaye wakawa wanakula samaki pamoja Thika, Gachau akimtolea miiba, na siku moja mvua ilipowanyeshea alivua koti lake akalifunika begi la vitambaa vya Ndila, yeye mwenyewe akalowa. Siku hiyo ndiyo Ndila alipompenda kabisa. Alitembea mpaka Kamenu viatu vikilia maji na hakusikia baridi.

Kitu kimoja tu alikuwa akikiangalia. Kwao ni Gatuanyaga, mashariki ya Thika, kwenye vumbi na mbuzi. Mwaitu, yaani mama yake, aliishi huko peke yake kwenye shamba la babu. Kwa Wakamba, mwanaume akitaka msichana huleta mbuzi wa ntheo nyumbani kwa wazazi wake. Bila mbuzi hao, hata mkizaa watoto nyumba ijae, wewe si mke wa mtu. Mwaitu hakuletewa. Mwanaume wake alisema ataleta, akasema tena, akafa. Ndugu za marehemu wakamwambia arudi alikotoka, na hakuna mzee aliyepata neno la kumtetea. Alirudi akimshika Ndila mkono. Ndila hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa mwanaume aingie kwenye ule uwanja na mbuzi, Mwaitu akiwa hai aone.

Jioni moja, kwenye benchi nje ya kichumba cha Ndila, Gachau alimwekea simu mapajani.

"Angalia, kipenzi. Nimeandika safari zangu zote ndio nijue gari gani itanigharimu kidogo. Kazini. Kanisani. Kalimoni kwa mathe wangu. Nairobi mara mojamoja. Ukipiga hesabu hivi, nyeupe inashinda mbali sana."

Ndila alisoma polepole. Kisha akasoma tena. Gatuanyaga haikuwamo.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Wa ntheo. Watapanda gari gani?"

"Aki Ndila!" Gachau alicheka, akamvuta begani. "Mbuzi watapanda pikapu ya kukodi. Betri ya nyeupe iko huko nyuma chini, siwezi wacha mbuzi waikojolee. Halafu ile njia ya kwenu inamaliza shoku za gari. Tutakuwa tunaenda mara moja kwa mwaka, Krismasi, tunakodi ya mtu."

"Mara moja kwa mwaka."

"Eeh. Mama anaweza kuja Ruiru pia, si kuna barabara?"

Ndila alimrudishia simu, akaingia ndani, akakaa mbele ya cherehani bila kushona.

Wiki iliyofuata Gachau alinunua nyeupe. Alipiga, Ndila hakushika. Alipiga tena. Mwishowe akashika.

"Babe, ni rangi? Kama ulitaka nyekundu si tunaweza ipaka?"

"Si rangi, Gachau."

"Basi niambie ni nini. Mimi si mjinga lakini si mganga."

Akamwambia. Yote, mpaka Mwaitu alivyorudishwa.

"Jumapili nakuja," Gachau akasema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Na gari yangu. Hakuna ya kukodi. Nangoja tu uniambie njia."

Mwaitu alifagia uwanja tangu kuche. Alifunga kitambaa chake cha kanisani, akaazima vikombe kwa jirani, akapika chai ya maziwa mengi. Ndila alivaa gauni la rangi ya damu ya mzee alilojishonea mwenyewe. Simu ilipolia aliruka.

"Niko hapa kwa mto. Hii gari haivuki, babe. Mawe yatatoboa chini."

Ndila alikimbia mpaka ukingoni. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na ng'ambo ya pili gari jeupe lilimeremeta kama bakuli jipya. Kando yake alisimama Gachau, suti ya kijivu, simu sikioni. Walitazamana, kila mmoja na simu yake.

"Mbuzi wako wapi?"

"Nitatuma pesa kwa simu, mama achague wenyewe anaowapenda."

"Mbuzi wa kwa simu hawalii, Gachau."

"Najua. Nakupenda, Ndila. Kuja huku tuongee."

"Wewe ndiye umekuja kwetu. Vuka kwa miguu, mchanga umekauka. Kuja hata mikono mitupu. Mwaitu akuone tu."

Gachau aliangalia viatu vyake. Akavivua. Akakunja suruali, akashuka kwenye mchanga, na Ndila akashika kifua kwa mikono miwili. Alitembea akitabasamu mpaka katikati ya mto.

Ndipo ng'ombe wakaja. Walikuwa wakishuka kunywa kwenye visima vya mchanga, bila haraka, na mmoja mwenye pembe akasimama kando ya gari jeupe akaanza kujikuna shingo kwenye kioo cha pembeni. Gachau aligeuka. Alimtazama Ndila, akatazama gari.

"Dakika moja, babe! Dakika moja tu!"

Akarudi mbio, viatu mkononi. Alifukuza ng'ombe, akalizunguka gari lote, akiinama, akipapasa mlango kwa kiganja. Ng'ombe wengine wakazidi kushuka. Simu ikalia.

"Ndila, siwezi iacha hapa. Wataikwaruza. Niruhusu nirudi siku nyingine, nikuje na gari ya mtu."

"Sawa, Gachau."

"Umekasirika?"

"Hapana. Endesha pole."

Aligeuza gari kidogo-kidogo, mbele, nyuma, mbele, akitoa kichwa dirishani kuangalia kila jiwe. Alikuwa dereva mwangalifu. Gari lilitoka Gatuanyaga bila alama hata moja.

Mwaitu alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

"Amefika?"

"Amefika mtoni."

Mwaitu aliirudisha chai ya kikombe cha tatu, kile cha mgeni, kwenye thamosi, akafunga kifuniko, akakikaza kwa mikono miwili.