Chiriku na Maboksi ya Mlango wa Nyuma

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa, saa nne na robo asubuhi. Na mimi, kwa ujinga wangu, saa hiyo nilikuwa nacheka.

Nilikuwa kibandani nashona soli kama kila siku. Binti yangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, simu yangu yenye ufa mkononi. Ana miaka kumi na mitatu, na mtaa mzima unamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

"Baba, mia tatu!" alipiga kelele. "Watu mia tatu wamesoma! Aa, mia tatu na kumi sasa!"

"Watu gani hao wasio na kazi?"

"Watu wetu! Hata kinyozi ametoa maoni!"

Kwa wiki tatu yeye na wenzake wa klabu ya kompyuta shuleni walikuwa wametengeneza tovuti, wakaiita Kibarazani. Kila nyumba ilipewa ukurasa wake wa kuandika habari zake, majirani wakajibu chini yake, na kulikuwa na kitufe cha kusambaza habari hadi kwenye simu za marafiki. Bibi mmoja aliandika kwamba mbuzi wake amepotea, na kabla ya saa sita mbuzi akarudishwa nyumbani. Chiriku aliruka hadi akaangusha kopo langu la gundi.

Lakini habari ya mbuzi ilisomwa na watu arobaini tu, na yeye alitaka wengi zaidi.

Kibanda changu kinatazamana na mlango wa nyuma wa zahanati. Ijumaa nilimwona muuguzi akipakia maboksi kwenye mkokoteni, nikaanza kunung'unika kama kawaida yangu. "Wanauza dawa hao. Mama yako aliambiwa dawa hakuna, kumbe zinatokea huku! Wakubwa wanakula, sisi tunazika."

Chiriku alinisikia. Asubuhi yake akaandika Kibarazani kwa herufi kubwa: MUUGUZI AUZA DAWA MLANGO WA NYUMA.

Ndiyo habari iliyosomwa na watu mia tatu. Nami nikacheka, nikasema, "Waache wakome."

Hapo hapo tukasikia kelele. Watu kama ishirini walikuwa wamejaa mlangoni pa zahanati, simu juu. Mbele yao alikuwa muuza mkaa, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Mwizi! Toa dawa zetu!"

Muuguzi alisimama kizingitini. Ndani mtoto aliyekuwa kwenye mizani alilia. Chiriku akanyamaza kimya. Sijawahi kuona hivyo tangu ajue kusema.

Mwalimu wa kompyuta alifika kwa baiskeli, shati limelowa jasho. Aliwatuliza watu kwanza, akawaomba wasubiri hadi jioni, kisha akaja kibandani.

"Chiriku, umejuaje?"

"Baba aliona."

"Baba Chiriku, uliona nini?"

"Maboksi."

"Uliyafungua?"

"Mwalimu, hawa wakubwa mimi nawajua..."

"Sijakuuliza kama unawajua. Uliyafungua?"

Nikajifanya natafuta sindano.

"Mwalimu mkuu amenipigia simu," akasema. "Jambo hili lisiponyooka, Jumatatu tovuti inafungwa."

Machozi yalimtoka Chiriku. "Basi niifute habari sasa hivi?"

"Ukifuta, watu mia nne wataendelea kuamini walichosoma. Nenda kamuulize mwenyewe."

Tulikwenda wote watatu. Muuguzi alimtazama binti yangu kuanzia juu hadi chini. "Kumbe ni wewe uliyeniita mwizi? Njoo." Akavuta boksi moja lililobaki, akalifungua. "Una macho mazuri. Soma tarehe."

Chiriku akasoma. Muda wa dawa zote ulikuwa umekwisha mwezi uliopita. Zilikuwa zinapelekwa kuchomwa kwenye tanuri la hospitali kubwa, na daftari lilikuwepo, lenye sahihi mbili kila mstari.

Kisha muuguzi akanigeukia mimi. "Shemeji, ni mimi niliyemwambia marehemu mkeo dawa hakuna. Hazikuwepo kweli. Nililia siku ile kuliko leo."

Kwa miaka miwili nilikuwa nimemnunia mwanamke yule bure.

Muuguzi aliruhusu tupige picha. Chiriku akaandika kwa herufi kubwa zilezile: NILIKOSEA, MUUGUZI HAKUUZA DAWA. Akaweka picha za tarehe na za daftari. Jibu la kwanza likaja: "Chiriku kahongwa pipi!"

"Nipe simu," nikamwambia. Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja: "Mimi fundi viatu ndo nilisema. Sikufungua boksi. Dada muuguzi nisamee."

"Baba, umekosea 'nisamehe'."

"Acha hivyo hivyo, wajue ni mimi."

Jamani! Majibu yalimiminika kama mvua. Muuza mkaa aliandika, "Na mimi nilipiga kelele bila kujua. Samahani mwanangu muuguzi." Kufikia saa kumi na moja jioni tulikuwa na wasomaji mia saba, na Chiriku alikuwa anarukaruka tena.

Jumatatu mwalimu mkuu aliiacha tovuti iendelee. Mwalimu wa kompyuta aliwaambia watoto, "Kitufe cha kusambaza hakijui kweli wala uongo. Kujua ni kazi yenu. Fungueni boksi kwanza, ndipo muandike. Na mkikosea, semeni kwa sauti ileile mliyokosea nayo."

Mimi nilikuwa nimesimama nje, kwenye dirisha la darasa. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mwalimu, dawa zile zilifika zahanati lini?"

Chiriku akaruka kutoka kwenye kiti. "Baba, hilo swali!"

Safari hii hakuandika haraka. Alirudi kwa muuguzi, akakagua hati tatu za kupokelea mizigo, akahesabu mara mbili siku zilizobaki hadi dawa kuharibika, mwalimu naye akahesabu. Ndipo akaliweka swali lake Kibarazani na kulituma kwenye ukurasa wa bohari ya dawa, wanaoletea zahanati yetu. Watu elfu moja na mia mbili wamelisoma, na alama inaonyesha kwamba hata wenye bohari wamelisoma. Leo ni siku ya kumi na moja. Chiriku anafungua simu kila asubuhi kabla hajanawa uso, na bohari haijajibu neno chini ya swali lake:

"Kwa nini dawa zetu hutumwa zikiwa zimebakiza wiki mbili tu kuharibika?"