Nani Alifungua Lango?

Jioni ile Chonga alikifunga kibanda chake kwa kukibamiza. Dirisha la bati lilishuka kwa kishindo mpaka fundi viatu wa jirani akainua kichwa, akamtazama, kisha akajiinamia zake. Aliijua hasira hiyo. Ikimpanda vile, unampisha tu.

Kazi yake ilikuwa kuchonga funguo na kufungua vitasa vilivyogoma, ndiyo maana wakamwita Chonga. Lakini siku hiyo si kazi iliyomchefua. Ni mchezo. Mchezo wa simu, wa falme na majeshi, ambao yeye na mdogo wake wa kiume walikuwa wameucheza miaka nenda miaka rudi, pamoja na watu chungu nzima wasiowajua hata sura. Yeye alikuwa kambi ya Watunza Lango, wale walioapa kutolifungua lango la kaskazini hata aje kulia nani upande wa pili. Mdogo wake alikuwa kambi ya Wana wa Mvua, waliodai kwamba nyuma ya lango hilo ndugu zao walifungiwa wakiwa hai. Basi mezani kwa mama yao ni ugomvi, njiani ugomvi. Kijana alipenda ubishi hata mtaa mzima ukamwita Wakili, ingawa alikuwa mtoa fotokopi tu.

Sasa, waliotengeneza mchezo walikuwa wametoa sura mpya ya hadithi yake. Na sura mpya ilisema Watunza Lango walilifungua lango wenyewe. Kwa hiari yao. Adui akaingia.

"Uongo mtupu!" Chonga alikuwa amefoka mchana kwenye kundi la sauti la wachezaji. "Sura ya kwanza ilisema ufunguo ulivunjwa, vipande vikatupwa kisimani. Walifungua na nini? Na kijiko?"

"Kubali tu, dada," mdogo wake alidakia. "Watu wako wasaliti."

"Msaliti baba yako!"

"Baba yangu ndiye baba yako."

Watu walicheka. Chonga hakucheka. Wasiocheza wangesema anagombania hewa, lakini yeye alikuwa ameishi na kambi ile muda mrefu kuliko alivyoishi na mume wake. Alihisi ametukanwa yeye, jina lake, na kazi ya mikono yake.

Ndipo sauti ngeni ilipoingia. Taratibu... kama ya mtu aliyebandika mdomo ukutani.

"Hatukufungua..."

Mtu akauliza, nani huyo?

"Bado tupo. Tunalisukuma kwa mabega."

Sauti ikakatika. Walipotafuta ni nani aliyesema, hapakuwa na jina wala picha. Wakasema ni mhuni mmoja anajifurahisha. Chonga yeye alipiga kofi meza ya kibanda. "Mmesikia? Huyo ndiye mtu wangu!"

Hasira hiyo ndiyo aliyokuwa nayo alipokuwa akifunga kibanda, na simu ikaita.

"Fundi," mtu alisema. Sauti kavu, haina haraka. "Nina mlango."

Ghala la zamani, nyuma ya mtaa wa fotokopi. Si mbali. Akamkuta Wakili njiani, naye akageuka amsindikize, kwa sababu ugomvi wao ulikuwa haujaisha.

"Nikuulize kitu," Wakili alianza, akirukaruka mashimo ya barabara. "Mtu analia nyuma ya mlango, wewe umekaa na ufunguo. Hufungui?"

"Nimeapa."

"Una roho ya kutu, dada."

"Na wewe una mdomo usio na kitasa. Nyamaza nifanye kazi."

Ndani ya ghala palikuwa na ujia mrefu na taa moja tu inayopepesa. Mwenye mlango alisimama mwishoni, pale mwanga ulipokomea. Mrefu. Koti limefungwa mpaka shingoni. Chonga alimwamkia, hakuitikia. Palikuwa na harufu... ya maji ya kisima yaliyolala miaka.

"Ndio huu," alisema.

Mlango wa chuma, umeliwa na kutu juu hadi chini. Chonga akapiga magoti, akamulika tundu la ufunguo. Ndani ya tundu palikuwa pakavu na safi, pakimetameta kama kitasa kilichotoka dukani asubuhi hiyo. Akaingiza waya, akasikiliza kwa vidole, kama alivyozoea.

Kitu kilisukuma waya ukarudi.

Akasogeza sikio. Upande wa pili palikuwa na pumzi. Si ya mtu mmoja. Pumzi nyingi, nzito, za watu waliochoka.

"Usifungue," mmoja alinong'ona. "Mtunza mwenzetu... usifungue."

Chonga akaruka nyuma. Ilikuwa sauti ile ile ya mchana.

"Umesikia?" akamshika Wakili mkono. "Wanasema tusifungue!"

Wakili alikuwa ameshabandika sikio mlangoni. Uso wake ulikuwa umelowa machozi.

"Tusifungue? Dada, wanalia! Kuna watoto humo ndani! Wanasema tufungulieni!"

"Hakuna mtoto humo! Ni Watunza, wanashikilia mlango!"

"Hata hapa? Hata hapa unaleta kambi yako?"

"Ni wewe unayeleta yako!"

Wakaanza kupayuka, mlangoni pale pale, kila mmoja na sura yake ya mchezo, nani alimsaliti nani, nani aliapa nini, maneno yakaacha mchezo yakahamia nyumbani. Nani alimwachia nani kumuuguza baba. Nani hakuja mazishini mpaka watu walipokwisha kutawanyika. Mwenye mlango alisimama akisikiliza, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza wimbo aupendao.

"Fungua mwenyewe basi!" Chonga alipiga kelele. "Wewe si unajua kila kitu!"

Akautupa mfuko wa zana begani, zana zote, mpaka bisibisi ya mwisho, akaondoka. Alitembea haraka kwa ghadhabu. Alifika barabarani. Akapumua.

Nyuma yake...

Klik.

Mlio huo aliujua kuliko jina lake. Kitasa kimekubali.

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikamtoka. Mlango ulikuwa wazi. Nyuma yake palikuwa na chumba kidogo, kuta tupu, bila dirisha wala mlango mwingine. Hapakuwa na watoto. Hapakuwa na Watunza. Mwenye mlango hakuwepo. Sakafuni, kwenye vumbi, palikuwa na alama za miguu nyingi zilizoteleza kurudi nyuma, kama za watu waliozidiwa nguvu. Wakili alisimama katikati, amempa mgongo, mkono wake wa kulia unachuruzika maji.

"Umefungua na nini?" Chonga aliuliza. "Wakili. Zana ninazo mimi. Umefungua na nini?"

Akageuka polepole. Akatabasamu.

"Nisamehe, dada."

Wakili hakuwa amewahi kumwomba mtu msamaha maishani mwake.

Mlinzi wa ghala, alipoulizwa kesho yake, alisema chumba kile hakina mpangaji, na kwamba tangu aajiriwe mlango ule umeng'ang'ana. Wamejaribu mpaka nyundo. Aliomba tu asiulizwe tena, akaenda kukaa upande wa pili wa geti.

Nyumbani mama yao alifurahi. "Hatimaye watoto wangu mmekua," alisema. "Nyumba imetulia." Chonga alimtazama mdogo wake akila bila kuinua macho, akashikwa na hasira mpya.

"Wana wa Mvua ndio waliofungua lango," alimchokoza. Ni tusi ambalo zamani lingevunja sahani.

"Ndiyo, dada. Ni sisi."

"Baba hakukupenda hata siku moja."

"Ndiyo, dada."

"Bisha!" Chonga alipiga meza. "Bisha, mshenzi wewe! Nibishie!"

"We mwanangu, una nini?" mama akashangaa. "Mwenzio amekukosea nini?"

Wakili akafuta mdomo kwa utulivu. Harufu ya kisima ikavuka meza.

"Nimeacha fotokopi," alisema. "Nataka dada anifundishe kazi yake. Milango ni mingi."

"Sikufundishi."

"Ndiyo, dada."

Asubuhi Chonga alichelewa kwa kukosa usingizi. Alipokata kona alisikia mashine ya kuchonga ikiunguruma. Kibanda kilikuwa wazi, na ufunguo wake Chonga alikuwa ameushika mkononi. Wateja walikuwa wamejipanga, wanacheka na fundi mpya mwenye adabu. Mbele kabisa, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alikuwa akinyoosha mkono dirishani.

"Ni wa mlango wa mbele, kaka," alisema. "Nichongee wa pili."